Mstari wa Pili Kwenye Kaburi la Baba Yako

Zubeda, mwanangu,

Ramani niliyokuchorea wiki iliyopita ni ya uongo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloweza kukudhuru upesi. Mto ni wa kweli, kanisa la matofali ni la kweli, na barabara ya kutoka mpakani hadi Aba ni kama nilivyoichora. Lakini pale nilipotia duara na kuandika "Mama" hapana kaburi la mama yako. Itoe sandukuni uichane.

Uliniomba kwa adabu, umepiga magoti. Ulisema, "Baba, likizo ya kwanza sitarudi hapa moja kwa moja. Nitapitia Aba, nitafute kaburi ya Mama, niweke jiwe. Nichoree njia." Ningeweza kukuambia palepale. Badala yake nilitafuta rula, nikachonga kalamu, nikakuchorea njia ya kwenda mahali pasipo na kitu, hata mshale wa kaskazini nikauweka. Mama Rukia, aliyekulea pamoja nami, alikuwa mlangoni anapepeta mtama. Alisimamisha ungo akanitazama, kisha akaendelea kupepeta. Leo ulipokwenda Lobule kuwaaga watu, alikuja akasimama mbele ya kiti changu.

"Mwalimu, mtoto anaenda kesho. Unangoja nini? Afike Aba, aweke jiwe kwenye barabara ya watu?"

Ndiyo maana nimekaa kuandika kabla hujarudi. Habari za sabuni, za blanketi na za watu utakaolala nao chumba kimoja huko shule ya uuguzi amekwisha kukueleza yeye, na anazijua kuliko mimi. Sitazirudia.

Unajua kwamba aliyekuzaa ni mdogo wangu, Siraji, na kwamba mama yako ni Halima. Unajua kwamba baba yako alikuwa askari. Mengine uliyoyapata kwangu kuhusu mama yako yote ni uongo.

Siraji aliletwa nyumbani kwa lori la jeshi mwanzoni mwa mwaka wa sabini na tisa. Ugonjwa wa ini ulimwua kambini. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, ukalia kwa sababu ya mlio wa lori. Tulimzika siku ileile. Kaburi likakaa udongo mtupu hadi arubaini, kama ilivyo desturi yetu. Siku ya arubaini watu walisoma, wakala, kisha fundi akalisakafia kwa saruji. Saruji ikiwa bado mbichi, mtu mwenye mwandiko mzuri huandika kwa msumari. Hapa kwetu mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilijivunia kazi hiyo. Nilifundishwa Kiswahili katika shule ya jeshi na mwalimu wa pwani ambaye alituchapa vidole kwa kila kosa. Nikatoka pale nikiamini kwamba mtu asiyejua kusema sawasawa hajui kufikiri sawasawa. Nimeishi na watu wanaosema "kaburi iko" na "mutu iko", na kwa miaka mingi sikusikiliza walichosema, kwa kuwa nilikuwa ninasahihisha jinsi walivyokisema. Mmoja wao alikuwa mama yako.

Wakati ule familia za askari zilitaka vyeo juu ya makaburi. Sheikh alinung'unika kwamba jina linatosha, na hata jina ni ziada, lakini hakuna aliyemsikiliza. Ungepita makaburini ungesoma koplo, sajini, luteni, kama gwaride lililolala. Nami nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimeyatunga kwa siku tatu.

Nilipokuwa navuta uzi ili mistari inyooke, Halima alikuja kutoka jikoni.

"Mwalimu, andika jina tu. Siraji, mtoto ya Khemisi. Hiyo ya jeshi, wacha."

Nikamwuliza kwa nini.

"Redio inasema vita iko nakuja. Hao watu wakifika, watasoma."

Nilimjibu kama ninavyomjibu mwanafunzi wa darasa la pili. Nilimwambia kwamba maiti hana adui, na kwamba jina bila cheo ni kama bahasha bila anwani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi sijui bahasha," akasema, akikuonyesha wewe kwa kidole. "Mimi najua huyu mtoto yangu."

Akaitwa jikoni kwa sababu kulikuwa na wageni ambao hawajala. Nikaandika. Mstari wa kwanza: SAJINI SIRAJI KHEMISI. Mstari wa pili, kwa herufi ndogo kidogo: ALILITUMIKIA JESHI KWA UAMINIFU MIAKA KUMI NA MINNE.

Aliporudi aliinama juu ya saruji. Hakujua kusoma hata jina lake, lakini alijua kuhesabu, na majina mawili hayawezi kujaza mistari miwili. Akasema kwamba haya ni mengi. Nikamwambia kwamba cheo nimekwisha kukiweka na saruji imeshika, haifutiki. Haikuwa imeshika. Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi, na pigo moja la mwiko lingefuta yote. Alinitazama, nami nikamtazama, akaushusha mwiko.

"Na hii ya chini?" Halima akauliza.

Sheikh alikuwapo. Askari wawili waliomsindikiza Siraji walikuwapo, na wazee. Niliona aibu kuhojiwa na mwanamke mbele yao.

"Ni dua," nikasema.

Akainua mikono, akasema amina, akajipangusa uso. Kisha akaenda kugawa chai.

Zubeda, nimewahi kufikiri kwamba kama angenibishia tungekuwa na maisha mengine. Alinyamaza kwa sababu niliitaja dua, na dua haibishiwi.

Serikali ilianguka mwaka uleule, nasi tukavuka kuingia Zaire pamoja na watu wengine. Lakini mabaya zaidi yalikuja mwaka uliofuata. Tulikuwa tumejibanza katika vijiji vya upande wa pili, nusu siku kwa miguu kutoka hapa nyumbani. Chakula hakikuwepo. Wanawake walikuwa wanarudi kwa makundi madogo kuchimba muhogo katika mashamba yao wenyewe, kama wezi. Wanaume hatukwenda, kwa sababu mwanaume akionekana aliuawa bila kuulizwa. Wanawake waliporudi walileta habari. Siku moja wakaleta hii: askari wa serikali mpya wanasoma makaburi. Wakikuta cheo, wanachoma nyumba na kutafuta watu wa nyumba hiyo. Watu wengine walikwisha kuvunja makaburi ya ndugu zao kwa nyundo. Wengine walipaka matope. Nyumba yetu ilikuwa imesimama kwa sababu majani yalifunika kaburi, na sasa kiangazi kilikuwa kimefika na majani yalikuwa yanaungua.

Halima alinijia. Alisema kwamba neno langu litachoma nyumba, niende nikalifute. Nikasema nina homa. Nilikuwa na homa, lakini ya kutembea nayo. Nikasema Ijumaa. Ijumaa ikapita. Nilikuwa ninaogopa, na woga huo siuonei aibu sana, kwa sababu kila mwanaume pale aliogopa. Ninaloona aibu ni hili linalofuata.

Alikuja tena na kijiti mkononi, akachuchumaa mbele yangu. Alisema kwamba ikiwa mimi siendi, basi atakwenda yeye na wanawake wa muhogo, lakini nimwonyeshe hilo neno lina umbo gani, asije akafuta jina la mume wake. Nikachukua kijiti, nikaandika vumbini: SAJINI.

Alipitisha kidole juu yake. Akalifuta, akaliandika mwenyewe, vibaya. Nikamwonyesha tena. Mara ya nne aliliandika sawasawa bila kutazama. Alihesabu herufi: sita. Hilo ndilo neno pekee ambalo mama yako alijifunza kuandika maisha yake yote.

"Ni hii peke yake?"

Palikuwa na sisi wawili tu. Hapakuwa na sheikh, wala askari, wala wazee. Ningeweza kumwambia, Halima, ule mstari wa chini si dua. Angenikasirikia, labda angenitukana, kisha angekwenda akafuta yote mawili, au angemwaga matope juu ya kaburi zima akarudi. Ilikuwa ni kukiri uongo mdogo wa mwaka mmoja uliopita. Sikuweza.

"Ni hii peke yake," nikasema.

Akakuacha kwa Mama Rukia, akaenda na wanawake wawili. Wale wawili walirudi. Walisema waliachana naye kijitoni, na baadaye walisikia bunduki.

Tulikaa Zaire miaka mingine mitano, tukahamia Aba, na huko kipindupindu kiliua watu wengi. Watu walipoanza kurudi, nilitangulia peke yangu ili nitazame hali ya nyumba. Nilimkuta Haboba Zenabu, yule bibi kizee wa nyumba ya jirani. Miguu yake ilikuwa haimbebi, kwa hiyo hakukimbia; aliishi miaka ile akijificha katika mtama wake na kula mizizi. Siku ile aliona kila kitu.

Alinieleza kwamba Halima alilifuta neno la kwanza kwa ncha ya panga na jiwe, haraka, kisha akaupangusa ule mstari wa chini kwa kitambaa chake, vumbi lisikae juu ya dua. Alikuwa amekwisha kujitwika kapu la muhogo askari watatu walipotokea njiani. Walimwuliza anatafuta nini, akasema muhogo. Wakamwambia aende. Akaanza kwenda. Mmoja wao, aliyekuwa na shule kidogo, alisimama kwenye kaburi akasoma kwa sauti, akamwita arudi. Akamwuliza huyu alitumikia jeshi gani, na bunduki yake iko wapi.

Haboba alimsikia mama yako akimsahihisha. Hakuwa anaomba. Alisema kama mtu anayejua:

"Hiyo iko dua. Mwalimu alinisomea."

Yule askari akacheka, akawaambia wenzake kwamba mama huyu anasema hii ni dua. Wote wakacheka. Kisha wakampiga risasi.

Haboba na mzee mmoja walimzika jioni palepale alipoanguka. Aliponimalizia habari hiyo aliniuliza swali. "Mwalimu, ile dua ilisema nini, hata mutu auawe juu yake?" Nikamjibu kwamba sijui. Mwaka uliofuata alikufa, na hakupata jibu.

Siku ya pili nilichukua tindo na nyundo, nikauondoa mstari wa pili. Nilivuta uzi kwanza. Sasa utaelewa kwa nini kaburi la baba yako lina makovu mawili yasiyofanana. La juu, kando ya jina, lililokwaruzwa ovyo, ni mkono wa mama yako. La chini, lililonyooka kama rula, ni langu. Ulijifunza herufi zako za kwanza kwa kidole juu ya jina lililobaki, ukaniuliza ni nani aliyeharibu. Nikasema askari. Ukaniuliza Mama yuko wapi. Nikasema Aba, kipindupindu. Ulikuwa uongo mzuri. Waliokufa huko walikuwa wengi, hakuna ambaye angehesabu.

Mama yako yuko hapa nyumbani. Kutoka kwa baba yako hesabu hatua saba kuelekea kwenye choo cha zamani. Ni pale nilipokukataza kuanika muhogo. Ukiwa na miaka kumi ulisema mbele ya wageni kwamba Baba anapenda mahali patupu kuliko chakula, nao wakacheka, nami nikakuchapa. Ulilia ukiwa umekaa juu yake.

Askari ndio waliofyatua. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na ni kweli, na hainisaidii. Walichosoma kilikuwa mwandiko wangu.

Bado ninaandika makaburi, unajua. Watu wa Ayivu hunifuata kwa baiskeli, na wa Arua, na wa Oraba. Nimeona wanachochagua. Watoto wa mchuuzi mmoja wa Oraba walitaka Haji, na marehemu hakuwahi kuvuka Kampala, sembuse kufika Makka. Nilipowauliza, mkubwa wao alisema, "Mwalimu, alikuwa na nia." Nikawaandikia jina tu, wakakasirika. Mzee mmoja wa Ayivu aliagiza kabla ya kufa: "Alilima. Watoto tisa." Mjane mkimbizi kutoka Sudan hakutaka sifa yoyote ya mume wake. Alitaka jina la kijiji chao, na jina la mlima ulio karibu, ili siku mtu wa kwao akipita hapa Koboko asome apeleke habari. Nafikiri huyo ndiye aliyeelewa kuliko sisi sote. Alijua anamwandikia nani. Mimi nilipoandika kwa Siraji niliwaandikia wazee waliokuwa wamesimama nyuma yangu wanisifu. Jiwe halikuwangoja wao. Lilikaa hadi likasomwa na mwingine.

Sasa kabla saruji haijakauka huwasomea wenye maiti kila neno, nimeweka kidole chini yake, mara tatu, na humwita mtu mwingine anayejua kusoma ayasome pia. Mafundi hunung'unika. "Simiti inakauka, Mwalimu," husema, na hucheka kwamba uzee umenifanya mzito. Waache wacheke.

Hilo ndilo ninalotaka ulichukue, kama utataka kuchukua chochote kutoka kwangu. Utavaa nguo nyeupe, na kila siku watu wasiojua kusoma watakunyooshea karatasi na kukuuliza inasema nini. Watakuita Sista. Watakuamini kabla hujafungua mdomo. Siku nyingine utakuwa umechoka, au karatasi itakuwa na kosa lako mwenyewe, au daktari atakuwa amesimama hapo na utaona aibu. Itakuwa rahisi sana kusema neno moja dogo ili mama huyo aondoke. Ataondoka nalo. Atalishika kama alivyolishika Halima, na hutakuwapo siku atakapolitumia.

Nilidhani heshima ya mtu aliyesoma ni kutokukosea. Nimejifunza nikiwa mzee kwamba nilikosea mara moja tu, siku ya arubaini, na kosa hilo lingeweza kufutwa kwa mwiko. Yaliyobaki yote yalitokana na kulilinda.

Jiwe ulilotaka kulipeleka Aba litawekwa hapa. Sikulisakafia kaburi lake kwa sababu sikuwa na haki ya kuchagua neno hata moja la kumwandikia. Nilijaribu. Kila nilichotunga kilikuwa kizuri, nikaona ni ugonjwa uleule. Utachagua wewe, utaandika kwa mkono wako. Ukitaka kuandika alivyokufa na kwa sababu ya nani, andika. Mimi nitakoroga saruji, kama utaniruhusu hata hilo. Nami siku yangu ikifika, usimwachie mtu yeyote anitungie sifa.

Barua hii nilikusudia kuiweka chini ya blanketi lako ili uikute Kampala, mbali nami. Bahasha nilikwisha kuigundisha. Kisha nikaona kwamba hivyo ndivyo nilivyomfanyia mama yako: nilimwacha akutane na maneno yangu peke yake, nikiwa mbali, salama. Kwa hiyo nitakupa mkononi baada ya sala ya alfajiri. Lori la Arua linapita saa mbili. Utakuwa na muda wa kuisoma na kuhesabu zile hatua saba. Mimi nitakaa nje kwenye kiti changu. Ukitaka kuuliza, nitajibu ulichouliza. Ukitaka kusema, sema, hata dereva na watu wa lori wakisikia. Ukipanda bila kuniaga, sitamtuma mtu akufuate kukuuliza kwa nini, na mambo yako ya shule hayatabadilika hata kidogo.

Nimezoea kumalizia barua zangu kwa "baba yako". Leo sitaandika hivyo. Ni wewe utakayesema kesho kama bado ni kweli.

Ndimi,
kaka wa Siraji, shemeji wa Halima,
Idirisa Khemisi